Ushauri wa Kazi Niliouokota Kwenye Kitabu cha Magonjwa

Kiswahili bado hakijapata jina zuri la vile vitabu vinavyokufundisha namna ya kuishi. Ukiviita "vitabu vya kujisaidia" watu watacheka, maana huku kwetu mtu akisema anakwenda kujisaidia hafungui kitabu, anafungua mlango wa choo. Kwa hiyo tunasema vitabu vya mafanikio, vya hamasa, vya kujitambua, na maisha yanaendelea. Leo naandika juu ya kitabu kinachostahili jina lile la kwanza kwa maana zote mbili. Kinakufundisha kuchimba choo, kwa picha kabisa. Na humo humo, bila mtu kukitegemea, kina ushauri wa kazi ambao sijaupata kwenye kitabu chochote cha mafanikio nilichowahi kusoma, na nimesoma vingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kinaitwa Mahali Pasipo na Daktari. Mwandishi wake ni David Werner, Mmarekani aliyesomea baiolojia na kufundisha shule kabla ya kujikuta milimani Mexico, kwenye Sierra Madre, katikati ya miaka ya 1960. Hakuwa daktari. Alianza kuwaandikia wanavijiji wa huko mambo ya afya kwa Kihispania, na michoro mingi aliichora kwa mkono wake. Kitabu kilitoka kwa Kihispania mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa Kiingereza mwaka 1977, na mpaka leo kimetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 80, Kiswahili ikiwemo. Wengi wenu mtakuwa mmekiona kwenye kabati la zahanati, parokiani, au nyumbani kwa babu aliyewahi kufanya kazi misheni. Lakini sijawahi kuona mtu anakifanyia uhakiki. Kinachukuliwa kama kifaa, kama jembe, na jembe nani analihakiki?

Nakala niliyoisoma ni ya mama mdogo wangu, anayeishi Bonde la Rukwa, chini ya Lyamba lya Mfipa. Kwa wasioijua sehemu hii: Sumbawanga mjini tuko juu ya uwanda, kwenye mita kama 1,800, na mwezi wa sita unatembea na koti mpaka saa nne asubuhi. Ukishuka ule ukingo unaingia nchi nyingine. Joto, mpunga, mbu. Mama mdogo anasimulia kwamba zamani mgonjwa akizidiwa kule chini, vijana walikusanyana wanne au sita, wakamfunga kwenye machela na kuanza kupanda naye. Wengine walifika juu. Wengine waligeuzwa njiani.

Nakala ile haina jalada. Jalada la toleo la Kiingereza nililiona miaka mingi baadaye kwenye intaneti, nikabaki naliangalia muda mrefu. Wanaume wamembeba mwanamke mgonjwa, wanamtoa kijijini kumpeleka kituo cha afya kilichoko kilomita 18. Ndani kuna maelezo ya picha hiyo, yanayosema kwamba watu hawa wana bahati, kituo chao kiko karibu. Nilipomtafsiria mama mdogo alicheka kweli kweli. Akasema, "Huyo mzungu alishawahi kufika huku."

Hakuwahi, kwa ninavyojua. Ila nimelielewa lile cheko.

Sasa nieleze nilivyofika kwenye kitabu chenyewe, maana sikukitafuta. Mwaka 2019 nilimaliza chuo Dar na shahada ya mahusiano ya umma, nikakaa mjini miezi minane nikipeleka barua, kisha nikarudi nyumbani kwa basi la Tunduma na begi moja. Kama umewahi kurudi nyumbani na shahada bila kazi, sina la kukueleza. Kama hujawahi, sijui kama nitaweza. Watu hawakusemi. Wanakuuliza tu, kila siku, "Umeamkaje?" na wewe unasikia, "Bado upo?"

Kipindi hicho ndipo nilipovibugia vitabu vya mafanikio, vingi kwenye simu, faili za kurushiana WhatsApp. Na kimoja nacho kina michoro, kwa hiyo kinafaa kuwekwa kwenye mizani na hiki cha Werner. Ni Who Moved My Cheese? cha Spencer Johnson, cha mwaka 1998, kilichouzwa mamilioni ya nakala na ambacho mabosi wa dunia nzima waliwanunulia wafanyakazi wao. Kuna panya wawili na vijitu viwili ndani ya nyumba ya njia zilizopotana. Wana jibini lao. Siku moja jibini halipo. Panya hawana maneno, wanaondoka kwenda kutafuta jingine. Vijitu vinalalamika, vinabishana, mwishowe kimoja kinashika njia na kuanza kuandika mafunzo ukutani ili mwenzake ayaone.

Niweke pembeni kwamba kwetu hakuna anayekula jibini. Mtafsiri akija atuwekee ugali wa ulezi, hadithi itasimama vile vile. Tatizo langu ni jingine. Jina la kitabu ni swali: nani kalihamisha? Unasoma mpaka mwisho, na swali halijibiwi. Hakuna hata mmoja humo ndani anayepewa nafasi ya kuliuliza kwa dhati, na yule anayekaribia kuuliza anachorwa kama mvivu. Mtu aliyepunguzwa kazini anapewa kitabu hiki na yule yule aliyempunguza, anaambiwa achangamke kama panya. Nilikisoma kwa usiku mmoja nikiwa na hamasa tele, asubuhi nikaamka nikiwa ndani ya njia zile zile za Sumbawanga, bila jibini na bila wa kumuuliza.

Kuna kichekesho hapa. Spencer Johnson alikuwa na shahada ya udaktari, na jalada la kitabu halisahau kukukumbusha. Kwa hiyo daktari aliacha udaktari akaandika juu ya jibini, na mwalimu wa baiolojia asiye daktari akaandika juu ya kuharisha. Mimi ushauri wa kazi niliupata kwa huyu wa kuharisha.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2020 rafiki yangu wa tangu sekondari alinijia na mpango. Kuna kijiji kikubwa chenye mnada, watu wengi, zahanati iko mbali. Tufungue duka la dawa. Cheti cha mtu mwenye sifa tutakikodi, kitakaa ukutani, sisi tutakaa kaunta. Mzee wangu alikuwa ameuza maharage mwaka ule na alikuwa tayari kunipa milioni moja na nusu. Rafiki alikuwa na hesabu zote kwenye daftari, na mstari mmoja aliupigia alama mbili: sindano. "Dawa za vidonge zinalipa pango," akaniambia, "lakini sindano ndiyo hela. Mtu wa kijijini asipochomwa haoni kama katibiwa." Vitabu vyote nilivyokuwa nimesoma mwaka ule vilikuwa upande wake. Thubutu. Changamkia fursa. Anayesubiri kuwa tayari hataanza kamwe.

Nikashuka bondeni kumuaga mama mdogo, na kusema kweli nilitaka pia kumuuliza bei za dawa. Hakunijibu bei. Alikwenda ndani akarudi na kitabu kimefungwa kwenye kitambaa cha meza, akakiweka kwenye mkeka, akaendelea kuchambua mchele.

Nilianza na sehemu ya sindano, kwa sababu za kibiashara. Werner anaipa sindano sura nzima, na sura hiyo karibu yote inahusu kutochoma. Anakubali kwamba watu wanaipenda. Hawacheki kwa kuipenda. Ila anaeleza ni mara chache kiasi gani inahitajika, ni hatari gani inayokuja nayo, na kuna ukurasa wenye michoro unaoonyesha jinsi sindano isiyo ya lazima inavyoweza kumlemaza mtoto. Mistari michache tu ya wino mweusi, hakuna damu, hakuna uso wa kutisha. Mtoto amesimama vibaya, basi. Nikamkumbuka mtoto mmoja mtaani kwetu tuliyekuwa tunamwita kwa mguu wake.

Kisha nikarudi mwanzo, kwenye kurasa ambazo kwa kawaida mtu huziruka. Kitabu kinaanza na maneno marefu kwa mhudumu wa afya wa kijijini, na kwenye Kiingereza kurasa hizo zimechapwa kwenye karatasi ya kahawia ili zijitenge na nyingine. Hapo ndipo penye kitabu kingine ndani ya kitabu. Werner anazungumza na mtu anayeanza kazi. Anamtaka awe mpole na watu kuliko alivyo mjuzi wa dawa. Anamtaka agawe anachokijua badala ya kukifungia. Anamtaka aheshimu mila za watu wake, aendelee kujifunza, afanye yeye kwanza kile anachotaka wengine wafanye. Na anamtaka ajue ujuzi wake unaishia wapi, asivuke hapo kwa kubahatisha, hasa kama kuna mtu mwingine wa kumpelekea mgonjwa.

Hilo la mwisho nililisoma mara tatu. Kila kitabu cha mafanikio nilichokuwa nimekisoma kiliniambia kwamba mipaka yangu niliiweka mwenyewe kichwani, niivunje. Hiki kilisema mipaka ipo kweli, na anayeumia ukiivuka si wewe. Naona hiyo ndiyo tofauti ya msingi kati ya aina hizi mbili za vitabu. Vile vya mafanikio vina mtu mmoja tu ndani: wewe. Wengine wote ni wateja, wapinzani, au watu wa kukurudisha nyuma. Kwenye kurasa za Werner kuna mtu wa pili daima. Ushauri wote umepimwa kwa huyo wa pili, mwenye homa, mwenye mimba, mwenye kifua. Swali la nitakuwa nani halijitokezi kabisa, na mimi niliyekuwa nimelala nalo miezi kumi na kitu niliona kama mtu amefungua dirisha.

Sikufungua duka. Naomba isichukuliwe kama ushujaa, kwa sababu rafiki yangu alifungua na mtu mwingine, na leo ana nyumba ya bati la rangi kule njia ya Mbizi, anasomesha watoto vizuri. Sijasikia amemdhuru mtu. Inawezekana mimi nilikosa hela tu.

Turudi kwenye uhakiki. Nguvu ya kitabu hiki ni michoro yake, na ni michoro mibaya, nikiruhusiwa kusema hivyo kwa mapenzi. Mikono mingine imetoka mirefu, watoto wana sura za wazee. Lakini kila mchoro una kazi. Hakuna hata mmoja uliowekwa ili ukurasa upendeze. Na maandishi yamepangwa kuuzunguka mchoro kwa namna kwamba msomaji wa darasa la saba kama mama mdogo, na asiyejua kusoma anayeangalia pembeni yake, wanabishana juu ya ukurasa mmoja wakiwa sawa. Nimewaona wakifanya hivyo.

Sisi Watanzania hili si geni. Mwaka 1973 ilipopigwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio wakiwa na vijitabu mkononi, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka madimbwi. Kwa hiyo kitabu cha Werner kilipofika kilikuta wasomaji walioshazoea kusoma kwa kundi. Hapo naona vitabu vya leo vimerudi nyuma: ni vya mtu mmoja na simu yake, usiku, akiwaficha wenzake.

Sehemu nyingine inayostahili kukaliwa ni sura ya kwanza, ile ya tiba za nyumbani na imani za watu, maana huko ndiko kitabu kinakutana na sisi uso kwa uso. Mnajua mzaha wa nchi hii. Mtu akisikia natoka Sumbawanga ananiuliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo. Jina lenyewe la mji wengi wanalieleza kwa Kifipa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, na hata maelezo hayo hayajatusaidia. Wanasema kama mliambiwa mtupe, basi mlikuwa nao. Mwanataaluma Mwingereza, Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika juu ya Kamcape, lile vuguvugu la kusaka wachawi lililopita huku. Kwa hiyo suala ni zito. Kuna watu walioteseka kwa kutajwa.

Werner anasema nini? Anasema mtu akiamini kwa nguvu kwamba mwingine ana uwezo wa kumdhuru, anaweza kuugua kweli, na hofu hiyo si ya kuchekwa. Kisha anasema anayeitwa mchawi hana nguvu yoyote ila ile ya kuaminiwa kuwa nayo. Sentensi mbili zinazovutana, na anaziacha zikae pamoja. Wahubiri wetu wanaikubali ya pili na kuitupa ya kwanza. Waganga wa mabango ya barabarani wanaishi kwa ya kwanza. Mama mdogo alizitumia zote. Ananiambia mara moja alimkuta kijana amelala siku nne hali, ametupiwa jambo, wanasema. Hakubishana na familia. Alikaa naye, akamnywesha uji, akamwambia mganga aje afanye yake ili mradi asimchanje kwa wembe uliotumika, na kijana akainuka. Ukimuuliza nani kamponya, anasema uji.

Sasa kasoro, na ni kubwa. Kwenye zile kurasa za mwanzo Werner anamwambia mhudumu afanye kazi kwa furaha, na kwamba huenda atalipwa na huenda hatalipwa, lakini asimnyime huduma asiye na uwezo wa kulipa. Kama msomaji ni mtu mmoja mwenye moyo, hayo ni maneno mazuri mno. Lakini kitabu hakisomwi na mtu mmoja. Kilisomwa pia na wenye miradi. Mwaka 1978 dunia ilikutana Alma-Ata, ikakubaliana juu ya afya ya msingi kwa wote, na mtu wa kuibeba afya hiyo mpaka mlangoni akawa ni huyu mhudumu wa kijijini. Kwa miaka mingi baadaye neno "kujitolea" likawa jina la heshima la kazi isiyo na mshahara.

Mama mdogo alichaguliwa na mkutano wa kijiji mwishoni mwa miaka ya 1980. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 25. Kutoka kwa mradi mmoja alipata mwavuli na buti, kutoka mwingine mfuko wenye nembo na fulana. Baiskeli iliahidiwa. Kila mradi ulipofunga, wakubwa waliondoka na gari, yeye alibaki na watoto wale wale wanaoharisha. Usiku wa manane wanaume waligonga mlango wake, akaondoka na taa, na baba mdogo akabaki kununa, maana shamba halikulimwa. Werner anataka kazi ya pamoja iwe na raha, na anatoa njia za kuifanya iwe hivyo. Mama mdogo anasema raha ilikuwepo, kweli. Ila anaongeza, "Raha hainunui sare ya shule."

Ningependa kitabu kingeandika ukurasa mmoja, hata nusu, unaomfundisha mhudumu kudai. Kinamfundisha kupima homa, kuhesabu pumzi, kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Kudai posho hakimfundishi. Na hii si kusema Werner hakujua dhuluma. Anaitaja ardhi, anautaja umaskini, anasema wazi kwamba ugonjwa una mizizi nje ya mwili. Aliuona ukoloni wa dawa, akauona ulafi wa makampuni. Kilichomponyoka ni kwamba mtu mwema anayefanya kazi kwa moyo ni rahisi kunyonywa kuliko mwingine yeyote, na kwamba kitabu chake kizuri kingeweza kutumika kama mkataba.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka 5, wenye mafunzo rasmi na posho. Mama mdogo wakati huo magoti yalishamstaafisha. Habari aliisikia redioni, akanipigia simu.

"Hao wanalipwa?"

"Wanapewa posho, mama."

Kimya kidogo. Nikasikia kuku.

"Vizuri," akasema. Halafu akaniuliza habari za mvua za huku juu.

Nimesema kitabu hakina wa kukihakiki. Nadhani sababu moja ni jina lake. Mahali pasipo na daktari: linasikika kama taarifa ya ukame. Lakini kijijini kwa mama mdogo watu walimwita daktari, tangu mwaka wa kwanza, na hakuna aliyekosea. Uwanda huu na ufukwe wake wa ziwa wanalo somo la siku nyingi juu ya hilo. Adrian Atiman alichukuliwa utumwani akiwa mtoto kutoka pande za mto Niger, akakombolewa na Mapadre Weupe Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Alitibu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe miaka. Hapa mjini hospitali inaitwa kwa jina lake. Nilipokuwa mdogo nilidhani Dokta Atiman ni mzungu. Hakuna aliyeniambia, na hakuna kitabu cha mafanikio cha Kiswahili nilichokiona kinachomtaja, ingawa maisha yake kama aliyoyasimulia mwenyewe yalichapwa kwenye Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Tunaletewa mabilionea wa California. Sawa, nao wana hadithi. Ila huyu alikaa hapo ziwani kwa miaka sitini na ushee.

Onyo kwa atakayekitafuta: dawa zimebadilika. Usimtibu mtu malaria kwa nakala ya zamani. Toleo la Kiingereza limekuwa likifanyiwa marekebisho na linapatikana bure kwenye intaneti. Nakala za Kiswahili zinazozunguka mitaani nyingi ni za zamani, na zile kurasa za dozi ziachieni wenye kazi yao. Hilo nalo ni kujua ujuzi unaishia wapi.

Na mimi je? Ile milioni na nusu ya mzee haikupotea. Nilinunua mashine ya kopi iliyotumika na kompyuta, nikapanga kibanda karibu na stendi. Steshenari. Nachapa barua za maombi ya kazi za vijana wenye shahada kama yangu, natoa kopi za vyeti, napiga picha za pasipoti. Siwezi kusema hii ndiyo ndoto, lakini kwa siku napitiwa na watu arobaini na najua majina ya nusu yao.

Mwaka jana mama mmoja kutoka upande wa Laela, mhudumu wa hawa wapya, alikuja kutoa kopi ya mwongozo wake. Tukaongea, nikamwonyesha kitabu, maana sasa kinakaa kwangu, kwenye droo, kwenye kitambaa chake kile kile. Akapitisha kurasa, akasimama kwenye maneno ya mwanzo, akaomba kopi za hizo tu. Kurasa 28. Kopi kwangu ni shilingi 100.

Sasa Werner na wenzake waliweka masharti yasiyo ya kawaida. Kitabu hakina ule ukali wa haki zote zimehifadhiwa. Yeyote anaruhusiwa kukinakili, kukigeuza, kukichapa sehemu, bila hata kuomba, mradi anayefanya hivyo anagawa bure au kwa gharama halisi, bila faida. Nikakaa na kalkuleta mbele ya yule mama. Karatasi, wino, umeme, pango la kibanda. Je, muda wangu ni gharama au ni faida? Kitabu hakikusema, na mama wa watu alikuwa na gari la kuwahi.

Nikamwambia alete elfu moja na mia tano.